Kaburi la Mama Yake Kocha Gideoni

Gideoni Matonya alimuua mama yake siku moja ya Jumanne, saa ya chai, kwa kidole gumba. Hakuwa na ugomvi naye. Saa hiyohiyo mama huyo, Emiliana, alikuwa mzima wa afya kijijini kwao ng'ambo ya Chamwino, amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe lake, anabangua karanga na kumsengenya kiongozi wa kwaya. Hakuhisi chochote. Mtu akiuawa kwenye simu haumwi mahali popote, na ndiyo maana kazi yenyewe ni nyepesi.

Wakati huo Gideoni alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma. Kazi yake ilikuwa kutoa mafaili kabatini, kuyapeleka mezani kwa wakubwa, na kuyarudisha kabatini wakubwa walipoyachoka. Alikuwa amevuka miaka thelathini, ana sauti nzuri na meno mazuri, na ana imani isiyotikisika kwamba alizaliwa kwa ajili ya jambo jingine. Nchi nzima ilikuwa na imani hiyo miaka ile. Milango ilikuwa imefunguliwa: benki za watu binafsi, redio za watu binafsi, vyuo vya watu binafsi. Kampuni za simu ziligombania wateja kama wapiga debe, zikigawa vifurushi kwa bei ya andazi. Kilichobaki kubinafsishwa ni mtu mwenyewe, na vijana walikuwa wameanza kujibinafsisha.

Gideoni alianza na koti. Lilikuwa la jirani yake wa chumba cha pili, mhudumu wa bunge, ambaye siku za Jumamosi hakulihitaji. Akalivaa, akaenda Chimwaga kwenye majengo ya chuo, akasimama kwenye ngazi, akapigwa picha anatazama mbali kama mtu anayeona kitu ambacho wengine hawajakiona. Kwa kweli alikuwa anatazama mbuzi. Hakusema popote kwamba anafundisha pale. Alisimama tu, na watu wakajaza wenyewe. Chini ya picha akaandika: Kocha Gideoni. Hakuna aliyeuliza kocha wa timu gani.

Kwa miezi kadhaa aliandika maneno ya kuinua watu. Amka mapema. Usiogope kuanza. Jina lako ni duka lako, lifagie kila asubuhi. Watu walipita, wakapenda kidogo, wakaendelea na safari zao. Gideoni akachunguza wenzake waliokuwa wakifanikiwa, akaona kitu. Kocha mmoja wa Mwanza alikuwa amelala stendi utotoni. Mwingine wa Arusha alikuwa amefungwa kwa kusingiziwa. Dada mmoja wa Mbeya alikuwa ameachwa na mume siku ya harusi. Watu hawakutaka ushauri. Walitaka kwanza waone jeraha, ndipo waulize dawa.

Gideoni akapekua maisha yake akitafuta jeraha. Baba alifariki yeye akiwa mchanga, hata sura yake hakuikumbuka. Hilo lilikuwa la kawaida mno. Akabaki na mama aliyepika pombe ya mtama akamsomesha kwa pombe hiyo. Akaandika hivyohivyo, ukweli mtupu, na akaweka na picha ya mtungi. Mtu mmoja wa kanisa akamkemea kwa kutangaza ulevi. Mwingine akauliza kama mama bado anapika, na wanauza wapi.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Aliandika kwamba mwaka wa njaa kubwa mama yake alimpa yeye tonge la mwisho, akasema ameshiba, akalala, hakuamka. Akabonyeza. Akanywa chai. Kabla ya chakula cha mchana simu ilikuwa inatetema mezani kama panzi aliyefunikwa na bakuli, mpaka mkuu wake akamwambia atoke nje na dude lake. Watu walilia. Watu waliwatumia wenzao. Mwanamke mmoja wa Songea alisema ameacha kumchukia mama yake mzazi kwa sababu ya maneno yale.

Alijiambia atalifuta jioni. Jioni wafuasi walikuwa wameongezeka mara tatu, na mtu hafuti kitu kama hicho. Halafu alimjua mama yake: simu yake ilikuwa ya kitochi, na hata hiyo aliizima ili isile betri. Angejua kwa nani?

Wanafunzi wa Chimwaga wakamwita aje kuzungumza kwenye bweni lao siku ya Jumapili. Akaenda, akasimulia kifo. Wakamwita tena, akasimulia tena, na kila mara kikapata nyongeza: mvua iliyonyesha siku ya mazishi, mbuzi aliyelia, neno la mwisho. Kufikia mwaka wa pili Emiliana alikuwa amekufa vizuri sana. Na kila mwisho wa mwezi Gideoni alikwenda kumwona, na sukari na sabuni, na Emiliana akamtazama mbavu.

"Unakonda, baba. Huko mjini mnakula picha?"

"Kazi nyingi, mama."

"Kazi ya kubeba karatasi. Chukua karanga hizi. Na uoe, nisije nikafa sijaona mjukuu."

Gideoni akachukua karanga, akaangalia pembeni.

Mwaka wa tatu akatokea Violeth. Huyu alikuwa afisa wa shirika moja la vijana lenye makao Dar es Salaam, dada mrefu wa maneno machache, aliyetumwa kanda ya kati kutafuta mtu mmoja. Shirika lilitaka sura: kijana aliyetoka kwenye shida akainuka kwa juhudi zake, wamwajiri, wampe gari, wabandike picha yake kila njia panda kuanzia Kibaigwa mpaka Manyoni. Yalikuwa yamebaki majina mawili, na moja lilikuwa la Gideoni. Violeth alimwambia wazi kwamba yeye mwenyewe anamtaka yeye, ila wakubwa wake wanaogopa watu wa mitandaoni. "Nataka nione unakotoka," alisema. "Nikishaona, nasaini." Kwa Gideoni hapo ndipo palipokuwa mlango wa kutoka masjala. Asipoupita huo, angebaki na mafaili mpaka astaafu.

Hapo ndipo tabia njema ilipomponza. Kwetu huku mtu aliyepata kidogo haachi kaburi la mzazi wake liwe tuta la udongo na miiba. Hulijengea, kwa saruji, na jina juu yake, na asiyefanya hivyo husemwa. Msomaji mmoja alikuwa amemuuliza kwa upole, mbele ya watu: Kocha, kaburi la mama umeshalijengea? Gideoni akajibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye malezi angejibu: Bado, Mungu akijalia. Hakulifikiria tena. Lakini Cornel alilifikiria. Cornel alikuwa mwenyekiti wa vijana wa Chimwaga waliomfuata Kocha, kijana mwembamba asiyekaa, mwenye simu mbili na vocha kila mfuko. Kimyakimya akafungua mchango, kama watu wafungulavyo mchango wa harusi au wa msiba, na watu wakatuma kutoka pande zote. Akamjulisha Violeth. Kocha asiambiwe, walikubaliana. Iwe zawadi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Gideoni alipopanda basi dogo la kukodi, ndani ya koti, alidhani wanakwenda semina. Violeth alikuwa ameketi karibu na dirisha. Wanafunzi walikuwa wanaimba. Nyuma yao ilifuata pikapu yenye mifuko ya saruji, mchanga, mafundi wawili, na kitu bapa kilichofunikwa kwa khanga.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza walipoupita mji.

"Nyumbani, Kocha," Cornel akasema, na kamera ya simu ikawa tayari usoni kwake. "Tunakwenda kumjengea mama."

Basi zima likapiga makofi. Gideoni akaziba uso kwa viganja. Wakadhani analia, wakapiga makofi tena.

Alipoweza kusema, alisema barabara ni mbovu. Cornel akasema dereva ni mtu wa Chamwino. Akasema mila za Wagogo zinataka ukoo ukae kwanza. Cornel akasema amempigia mtendaji wa kijiji, mtu mgeni aliyehamishwa kutoka Busi, naye amesema kaburi halihitaji kibali. Akasema anaumwa tumbo. Violeth akamshika mkono. "Ni uchungu," alimwambia. "Mimi nilipompelekea baba yangu saruji nilitapika njiani. Itapita."

Angeweza kusimama katikati ya basi lile akasema sentensi moja. Aliijua, aliigeuza mdomoni tangu Buigiri. Alifikiri aiseme wakifika kwenye mti ule, kisha kwenye daraja lile, kisha kwenye kanisa. Kanisa nalo likapita.

Emiliana alikuwa uani, anapepeta karanga kwa ungo. Alipoona basi lote linasimama mbele ya tembe lake aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaona mwanawe anashuka wa kwanza na koti zuri, na uso ukamfunguka. Alidhani amemletea mchumba. Akaja kwa haraka, mikono mbele.

"Mbukwa, mbukwa wageni," alisema, salamu ya kwao, kisha akaanza, "Gideoni, mwana—"

"Shikamoo, mama mdogo," Gideoni akasema.

Mikono ya Emiliana ilibaki hewani. Alimtazama usoni, kisha akatazama nyuma yake. Vijana wawili walikuwa wanateremsha kile kitu bapa kutoka kwenye pikapu, na khanga ikateleza. Emiliana alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na mpaka leo alisoma kwa midomo. Midomo yake ikatembea polepole juu ya saruji iliyochongwa: Emiliana Matonya, mama mpendwa. Alifika mwisho, kwenye mwaka wa kufa. Akarudi mwanzo, akasoma tena, kama mtu anayehakikisha bei.

Kuku alipita katikati yao.

"Marahaba, baba," Emiliana akasema. "Karibuni. Mbona hamkutuma habari, tungechemsha hata maji."

Violeth akapiga goti kidogo, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Kumbe ni wewe uliyemlea baada ya pale."

"Ndiyo. Ni mimi niliyemlea."

"Mungu akubariki."

"Amenibariki. Si unamwona alivyo?" Akageukia tena lile bamba. "Mwaka wa kuzaliwa mmekosea."

Cornel akasogea na simu. "Kweli, mama mdogo? Unaukumbuka?"

"Nisiukumbuke mimi, aukumbuke nani?"

Watu wakacheka kwa upendo. Fundi mmoja akasema kosa hilo linarekebishika kwa patasi. Gideoni alikuwa amesimama palepale, na koti lilikuwa linambana makwapani.

"Na kaburi lenyewe, mama, liko wapi?" Violeth akauliza.

Macho yote yakamgeukia Gideoni. Emiliana alimwacha hapo kwa muda, si mrefu, wa kutosha tu aone kina cha shimo. Kisha akasema, "Njooni huku," akatangulia, akapita zizi, akapita alizeti, mpaka kwenye tuta lililozungushiwa mawe na miiba mikavu. Hapo alikuwa amelala Hana, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefariki akijifungua zamani, Gideoni akiwa bado anatambaa. Kila mwaka Emiliana alipalilia tuta lile kwa mkono wake, na kila mwaka alisema mwaka ujao atalijengea. Sasa akaondoa miiba, tawi baada ya tawi, akawaonyesha.

"Huyu hapa dada yangu," alisema. "Mjengeeni."

Mafundi walikuwa wameshachanganya zege Anyesi alipotokea. Kila ukoo wa hapo una ukoo wa watani wake, na ukoo wa akina Anyesi ulikuwa mtani wa akina Matonya tangu babu za babu. Kwenye misiba na makaburini mtani ana ruhusa ambayo mchungaji hana: humtukana marehemu, huwacheka waliofiwa, huzuia kazi mpaka apewe kitu, na ni mwiko kumkasirikia. Anyesi aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani, rika la Emiliana, na wamekuwa wakiibiana kuni na kufuma vikapu pamoja miaka yote. Aliona bamba. Akasoma. Akamtazama Emiliana aliyekuwa amebeba ndoo ya maji ya zege. Emiliana akatikisa kichwa kidogo sana.

Anyesi akaenda akakaa juu ya kaburi.

"Huyu ni mtani," Gideoni aliwaeleza wageni haraka, na sauti ikapanda. "Ni mila zetu. Atasema lolote. Msimjali."

"Wasinijali?" Anyesi akasema. "Nyie watoto wa chuo, mmekuja kumpigia saruji nani?"

"Mama yake Kocha," wakajibu kwa pamoja, na simu zote juu.

"Mama yake Kocha ndiye huyo hapo kawabebea maji."

Vicheko vikalipuka. Kijana mmoja alicheka mpaka akashika magoti.

"Mnacheka. Nawaambia mtu mnayemzika ana ndoo mkononi. Jana nilikuwa naye kisimani, kaniibia zamu. Marehemu gani anaiba zamu?"

"Huyu mama ni hatari," Cornel akasema pembeni ya simu yake. "Jamani, hii ndiyo Dodoma. Hata makaburini watu wanataniana."

"Gideoni," Anyesi akasema, na hapo hakuwa na sauti ya kutania. "Mama yako aliuza ulevi usiku na mchana ukasoma. Leo unampa saruji kabla ya uji?"

"Mpeni chochote atoke," Gideoni akasema. Wanafunzi wakachangamkia, maana walishasikia kwamba mtani hulipwa. Wakamrushia noti mapajani. Anyesi akazipangusa zikaanguka kwenye mchanga.

"Zinunulieni soda. Mimi sitoki hapa. Atakayenitoa ni mwenye kaburi. Aje mwenyewe aniambie, Anyesi toka, hapa ni pangu."

Wakacheka tena, lakini hakutikisika, na kicheko kikaisha. Zege lilikuwa linaanza kukaza. Fundi akalalamika. Violeth akatazama saa, kisha akamtazama Gideoni, kwa uso wa mtu anayeanza kuuliza swali. Gideoni akaliona swali hilo linakuja. Akaona na ile sentensi yake ya kwenye basi, imebaki palepale mdomoni, fupi, inayosemeka. Anyesi alikuwa anamngoja. Emiliana naye aliweka ndoo chini, akamngoja.

"Mama mdogo," Gideoni akasema, "tafadhali mwambie atoke."

Emiliana akasogea mpaka ukingoni mwa tuta. Hakumtazama mwanawe tena.

"Toka, Anyesi. Hapa ni pangu. Wageni wana safari."

Anyesi akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akaenda zake. Wanafunzi walimpigia makofi. Walisema hawajawahi kuona utani uliochezwa vizuri vile na pande zote mbili, na jioni hiyo video yake ilizunguka nchi nzima.

Zege lilipomwagwa, Gideoni alitakiwa aseme. Alisema kuliko alivyowahi kusema. Alilia machozi ya kweli, kwa kelele, mpaka akakaa chini kwenye alizeti na koti la watu. Violeth naye alilia. Njiani kurudi alimwambia kwamba Jumatatu atasaini.

Kabla ya safari hiyo waliandaliwa ugali na mlenda. Emiliana aliwahudumia wote, akawanawisha mikono, akawajibu maswali kuhusu dada yake marehemu: alikuwa mkali, ndiyo, aliimba sauti ya pili, alimpenda mwanawe mno, pengine kupita kiasi. Gideoni alimfuata jikoni.

"Mama, nitakueleza."

"Mama mdogo," Emiliana akasema, akiendelea kukoroga. "Usizoee kukosea. Ipo siku utakosea mbele ya watu."

Akapata kazi. Akapata gari lenye nembo mlangoni. Uso wake ukabandikwa Kibaigwa, ukabandikwa Manyoni, ukabandikwa hata pale Chamwino kwenye njia ya kwenda kwao, na meno yake yote nje. Kijijini watani waliacha kumwita Emiliana kwa jina. "Marehemu, nigawie chumvi." "Marehemu, leo kwaya utakuja, au kwenu huko mna kwaya yenu?" Watoto wakaidaka, nao hawakuwa na mpaka. Emiliana aliitika kila mara. Mchungaji alipotaka kulikemea jambo hilo madhabahuni alimkataza. Alisema neno likisemwa kanisani litapanda basi mpaka Dodoma, na mwanawe ana kazi mpya. Ndugu nao aliwaapisha wanyamaze. Usiku hakulala vizuri kwa ajili ya Hana, ambaye sasa hakuwa na jina popote duniani, lakini hilo hakumwambia mtu isipokuwa Anyesi.

Gideoni alikuja na gari, na sukari, na blanketi, na simu ya kioo. Emiliana akamtolea kiti cha wageni na sahani ya wageni. Alimwita mgeni. Akimwita mama, hakuitika, si kwa hasira, ni kama mtu aliyeitwa jina la jirani.

"Mama, nakuomba. Mimi na wewe tu hapa. Hakuna mtu."

"Mama yako yuko kule nyuma ya alizeti. Saruji imepasuka upande wa kichwani, walizidisha mchanga. Ukipata nafasi umrekebishie."

"Nilikuwa natafuta maisha."

"Umeyapata. Kula, chakula kinapoa."

Akawa anakuja, anakula, anaondoka. Usingizi ukaanza kumtoroka. Kwenye semina alisimulia kifo kwa kukata kona, na watu wakamwambia amekuwa mnyenyekevu. Alipanga siku ya kusema. Siku yenyewe akaipata kwa Violeth: shirika lilikuwa linafanya sherehe mjini ya kumpa tuzo kijana wa mfano wa kanda, na Violeth akaomba mama mdogo aje, akatuma gari limchukue.

Anyesi alishangaa kumwona anavaa.

"Utakwenda kweli, Marehemu?"

"Nimealikwa kwenye arobaini yangu, nisiende?"

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa na utepe. Emiliana aliketishwa mbele, karibu na Violeth, miguu yake imepakwa mafuta. Mshereheshaji akaomba watu wote wasimame, wainamishe vichwa, wamkumbuke kwa kimya mama mzazi wa Kocha Gideoni. Wakasimama. Emiliana akasimama nao. Aliinamisha kichwa, akashika mikono mbele, akanyamaza vizuri kabisa, na Gideoni kutoka jukwaani akaona utosi wa kilemba chake katikati ya utosi wa watu wote.

Walipoketi, wakamwita mama mdogo jukwaani avikwe kitenge. Gideoni ndiye wa kumvika. Akamvika, akachukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji.

"Huyu mnamwita mama mdogo," alisema. "Huyu si mama mdogo. Huyu ndiye mama yangu."

Vigelegele vikapanda kutoka meza za nyuma.

"Nisikilizeni. Mama yangu hakufa. Mama yangu yuko hapa."

Ukumbi mzima ukainuka. Akina mama walikuja mbele wakicheza, wakamfunika Emiliana kwa khanga zao. Mpiga kinanda akaingia bila kuitwa. Violeth alikuwa anajifuta macho na kumwambia wa jirani yake kwamba kweli, anayelea ndiye mama. Cornel, simu mbili hewani, alikuwa ameshaandika, na watu wa Songea na Mwanza na Mbeya walikuwa wameshaanza kulia tena.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Gideoni. Neno lililobaki lilikuwa moja: nilidanganya. Akilisema hilo, hakuna ambaye angepiga kigelegele. Alimtazama Violeth. Alitazama ukutani, kwenye uso wake mwenyewe mkubwa kuliko mlango. Alimtazama mama yake, na Emiliana, ndani ya khanga zile, alikuwa anamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zege, amekaza macho kama siku alipomngoja pale kaburini.

Gideoni akainua mkono, akawapungia watu, na meno yake yakaonekana.

Emiliana akakichukua kipaza sauti vidoleni mwa mwanawe, akamrudishia mshereheshaji.

"Kaa chini, baba," alimwambia sikioni. "Wameshakuelewa."

Cornel akaomba wasogeane, wapigwe picha ya pamoja. Wakasogeana. Kisha akaomba warudie, kwa sababu ile ya kwanza mama mdogo alikuwa amefumba macho.